Hatua za Katikati

Riziki,

Hauna haya, we mutoto. Mi nikipitisha siku mbili bila kukupigia simu, unanuna: "Koko, umekwisha kunisahau." Na we je? Ulienda mvua ikinyesha. Mahindi iliota, ilivunwa, ilikwisha kuliwa, sasa baridi ya Dowa inaingia mpaka mu mifupa, na haujakanyaga hapa hata mu ndoto. Mara moja tu ulikuja, na ile mara moja haikunipendeza, nitakuambia juu ya nini. Bamama ku pompi ya maji banasimuliana vile marehemu bao banabatembelea. Kuko mumoja, bwana yake anakuja kila wiki kumugombeza juu ya chumvi ya mboga. Na yule bwana alikuwa mulevi! Mulevi anapata njia ya kurudi kwa muke yake, we unashindwa kupata njia ya kwa Koko yako, bibi yako mwenyewe?

Mi sijui kuandika, unajua. Baba yangu alisemaka jembe njo shule ya mutoto mwanamuke. Anayeandika ni Mama Divine, jirani yetu Murundi, juu yeye alifika mpaka la sita kule kwao na mukono yake ni mzuri. Nimemukatalia kutengeneza maneno yangu. Tayari ameniuliza, "Koko, na ile ya mulevi niandike?" Andika. Kalamu ni yako, kinywa ni yangu.

Habari nilikuitia ni hii: filme yako haitakwisha. Ile ya kakoko, ya mwanamuke muzee anaenda ku barabara. Haitakwisha, Riziki. Nimesema. Sasa nitakueleza vile ilikuwa, na we utasikiliza, juu hauna pahali pa kukimbilia.

Nakumbuka vile ulianza. Tulikuwa tumefika hii kampi ya Dzaleka, hapa Malawi, tukitoka Fizi kule Kongo, mama yako tumemuzika ku njia, na mu nyumba hakukuwa hata karatasi ya kuwashia moto. Ukachukua kitabu changu cha nyimbo za kanisa, ukachora ku kona ya kila ukurasa kakuku kadogo. Nikasema mutoto ameharibu kitu ya Mungu, nikatafuta fimbo. Ukasimama mbele yangu na ile shingo yako ya ubishi: "Koko, piga kwanza kurasa na kidole, haraka haraka, kisha unipige mi." Nikapiga. Kakuku kakakimbia! Na nyuma yake pasta anakafukuza, kravati inaruka ruka, mpaka pasta anaanguka miguu juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ya Mungu nikaenda nacho ku kanisa, na pasta mwenyewe akakiona, akakitwaa. Nikajua tumekwisha, batatutoa mu kanisa. Kumbe wakati kwaya inaimba tulimuona, kidole inapiga kurasa, mabega inatetemeka. Alikirudisha bila kusema kitu. Mi sikusomaka kitabu hata kimoja mu maisha yangu, lakini kile nilikisoma mpaka ku mwisho.

Ukakua. Ukaingia ile masomo ya ordinateri, ya kompyuta, hapa kampi, kisha ukapata kazi ku Lilongwe, ku bilo ya deseni anime, ile Batanzania banaita katuni. Nikakuuliza kazi gani hiyo. "Kufanya picha zitembee, Koko." Nikasema, muntu mukubwa analipwa juu ya kakuku? Ukasema, "Si kakuku tena, sasa ni kiboko." Na kweli kiboko njo ilikulisha. Kiboko ananawa mikono, kiboko analala mu chandarua, kiboko anakataa kunywa maji ya muto. Batoto mu Malawi banamujua ule kiboko kama mujomba yao. Habajui kama ulimupa macho ya pasta wetu.

Nilikuja kulala kwako Mchesi, kule Lilongwe, nikakukuta mbele ya kioo, kinywa wazi, macho imetoka, umeshika shavu na mikono miwili. Nikajua ni pepo. Nikaweka kapu chini nikaanza kuomba kwa nguvu. "Koko, acha maombi! Kiboko anapashwa kulia, natafuta vile kinywa inafanya." Kesho yake tukaenda soko, ukaniacha na nyanya mu mikono ukamufuata muzee mumoja nyuma nyuma, juu anatembea kama bata. Muzee akageuka akakuuliza unataka nini. Na we, bila haya: "Nataka mutembeo yako." Muke yake akavua kiatu. Tulikimbia, mi na miaka yangu yote, na nyanya zikabaki mu njia.

Jumamosi ukirudi hapa ulikuwa unatundika shuka ku ukuta wa nyumba, unaonyesha batoto ya majirani filme za ordinateri yako. Na hatukumalizaka hata moja juu ya we. Unasimamisha: "Muone! Muone vile anavuta pumuzi mbele ya kuruka!" Batoto banalia, "Da Riziki, acha iende!" Mi pia nalia: "Acha tujue kama munyama atapona, kupumua utatufundisha kesho." Na macho yako inang'aa kama muntu anatoka ku maji ya ubatizo. Kitu gani ilikuwa inakufurahisha vile, mutoto wangu, mi sikuelewaka. Nilikuwa natazama uso yako, si shuka.

Ulinieleza ile kazi siku moja na maharagwe. Uliweka moja huku ya mukeka, moja kule. "Hii ni picha ya kwanza, hii ni ya mwisho. Nachora hizi kwanza. Kisha najaza katikati." Ukapanga maharagwe moja moja mpaka ikawa njia. "Hizi za katikati, Koko, bantu habazioni. Lakini bila hizi muntu hatembei. Anatoka huku, tuk, iko kule." Kuchora kufumba jicho moja tu, ulisema, unaweza kushinda nayo na njaa siku muzima. Nikakuambia rudisha maharagwe yangu mu sufuria, na wewe ukule, juu umekonda. Lakini nilishika. Unafikiri Koko hashiki, nashika.

Ile filme ya kakoko hakuna muntu alikulipa kuifanya. Mwanamuke muzee anatoka ku mulango yake, anaenda mpaka ku barabara, pale mini-basi inaachaka bantu, anamupokea mujukuu yake anatoka Lilongwe. Ni ile tu. Nikasema filme gani hii, hakuna hata mwizi. Ukasema, "Kuko we." Ukanitembeza mu njia ya kwetu, we na simu yako mu mukono, huku na kule, jua inachoma, batoto banacheka, Mama Divine ku mulango yake anapiga vigelegele: "Koko amekuwa sitari ya filme!" Nikajitengeneza, nikatembea na maringo. Ukapiga kelele: "Hapana kama bibi harusi! Tembea kama unakuja kunipokea!" Basi nikatembea vile. Mukono wa kushoto unashika kikwembe isifunguke, muguu wa kuume unatangulia kidogo, na ile haraka ya muntu muzee anaogopa basi itafika mbele yake. Jumamosi zote nilitembeaka vile na sikujua. We njo ulijua.

Na mujukuu, ulisema, utamuchora nyuma ya yote. "Kujichora ni haya, Koko. Nikikwisha kila kitu, njo nitajiweka."

Kisha kichwa ikakuuma. Ulisema ni macho, ni ordinateri, itapita. Kisha homa. Banganga ya hopitali balifanya yao yote, sibasingizii, malaria ilikuwa imekwisha kupanda mu kichwa. Nilifika ku hopitali ya Lilongwe na uji mu termosi, umefungwa na kitambaa usipoe. Ule uji nilirudi nao. Ulikuwa ungali moto.

Tulikuzika hapa Dzaleka, bavijana banatoa maji mu kaburi na ndoo, na maji inarudi. Siku ya kuondoa matanga bamama balikuja na mabeseni, vile inafanywaka: kitu yote marehemu alishika inafuliwa, kifo isibaki mu nyumba. Balifua mashuka, mapazia, masweta, hata ile kitambaa ya termosi. Na mufuko yako. Mufuko ilifuliwa na Mama Divine, juu alikupenda na alikataa muntu mwingine aiguse. Aliichovya mu sabuni ya unga, akaisugua, akaona matope ya Lilongwe haijatoka, akaiacha ilale mu beseni mpaka asubuhi. Na ku mufuko ya ndani, ile yenye zipu, kulikuwa kale kadiski kako keusi ka kuchomeka ku ordinateri.

Ameacha kuandika. Mama Divine, shika kalamu. Usinilowanishie karatasi. Ulifua vizuri, hakuna muntu mu kampi hii anafua kama we, ile mufuko ilitoka kama imenunuliwa leo. Andika na hiyo.

Riziki, wakati alielewa kadiski ilikuwa nini, alisema tu "Mana yanje," Mungu wangu mu Kirundi yake. Akaanza kupitia nyuma ya vyoo asinione. Bantu banamuita, hajibu. Mpaka nikaenda kumukamata ku mulango yake na mukono. Nikamuambia: nimezika mutoto, unataka nizike na jirani? Kuja utwange sombe, majani ya muhogo iko mu kinu, mchi inakungoja. Akatwanga, analia ndani ya kinu. Tulikula ile sombe na chumvi yake.

Aliyetueleza ni Chikondi, mwenzako wa bilo, ule binti Mumalawi mulikuwa munakaa meza moja. Alikuja na mini-basi, akala nsima na sisi, akauliza kadiski iko wapi. Tukakaleta, kasafi, kamekauka ku jua. Akakashika ku sikio, akakatikisa. Maji ililia ndani. "Pepani, Agogo," akasema. Njo pole ya kwao, na Agogo ni Koko. Halafu akanieleza mbaya yote: mutembeo yangu ilikuwa mule, na picha za katikati ulikuwa umekwisha kuchora zilikuwa mule, juu we ulisemaka kazi ya roho hailali ku ordinateri ya patro, mukubwa wa kazi. Ku simu ulikuwa umefuta, simu ilikuwa inajaa. Kwake kulibaki picha mbili tu ulimutumiaka azione. Ya kwanza na ya mwisho.

Akasema nikuje Lilongwe, nitembee tena, na yeye atachora kila kitu kutoka pale. Nikaomba ruhusa ya kutoka kampi, nikavaa ile ile kikwembe, Mama Divine akanisindikiza. Tulienda na kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, mpaka ku basi. Ile njia fupi, Riziki, mi nilikalia baiskeli. Haujui, juu haukuji: tangu tukuzike kiuno ilikataa. Natembea na fimbo sasa, muguu wa kuume wenye ulikuwa unatangulia, njo unakokotwa.

Ku bilo balinikalisha ku kiti yako. Nikainua macho. Ku ukuta, miguu. Miguu tupu, mu karatasi, imepangwa kutoka chini mpaka juu. Nikauliza miguu ya nani hii. Kisha nikaona kile kidole jembe ilikatiaka kule Fizi. Visigino yangu na mipasuko yake. Mishipa. Koko yako mwanaume tulilala naye kitanda moja mpaka akafa na hakuonaka kile kidole. We ulikiona. Lini? Nikiwa natwanga? Nikiwa nimelala? Nilifunika miguu yangu na kikwembe pale pale, haya ikanishika, kisha nikaifunua tena. Bote balikuwa bamekwisha kuijua.

Chikondi akafungua filme. Kakoko iko ku mulango. Tuk. Kakoko iko ku barabara, mikono yote miwili wazi, na mbele yake hakuna muntu. Tuk. Mulango. Tuk. Barabara. Nikauliza, na njia iko wapi? Akasema, "Njia njo haiko, Agogo."

Patro yako akasema siku hizi kuko mashini, unaipa picha ya kwanza na ya mwisho, inajaza katikati yenyewe. Balikuwa bamekwisha kujaribu, bakanionyesha. Mungu wangu. Uso yangu iliyeyuka kama mafuta ya ngombe, kikwembe ikaingia mu tumbo, na nikafika barabarani na muguu wa tatu. Nikauliza, huu wa tatu nimeupata wapi? Bakacheka bote, na mi nikacheka. Kisha tukaacha kucheka, mumoja mumoja, na hakuna muntu alijua aangalie wapi.

Bakaweka kamera mu koridoo. Nikatembea na fimbo. Nikarudi. Nikajaribu bila fimbo, nikishika ukuta. Nikasikia sauti yako mu masikio: tembea kama unakuja kunipokea. Nilijaribu, mutoto wangu. Nakuapia nilijaribu. Nilifunga macho, nikaweka basi pale ku mwisho wa koridoo, nikakuweka we ndani ya basi na mufuko yako. Uso ilikubali. Mukono ilikubali, ilishika kikwembe. Muguu ilikataa. Muguu inajua hakuna muntu ku barabara.

Chikondi akasema kwa upole, si kitu, atachora kakoko na fimbo. Nikamuambia hapana. Ku picha ya mwisho mikono miwili iko wazi, fimbo itakuwa imeenda wapi? Akaangalia ile picha, akaniangalia mi, akasema, "Riziki angeuliza vile." Nikamuambia yeye njo alinifundisha, na maharagwe yangu mwenyewe.

Akasema basi atabadilisha ile ya mwisho, atashusha mukono moja. Nikasimama. Nikamuambia: ile Riziki alichora, hakuna muntu ataigusa. Si we, si mashini, si mi. Iacheni vile. Akalia, ule mutoto, nikamushika ku kifua. Mifupa tu! Nikamuuliza kama mu Lilongwe banakulaka. Nimemuamuru akuje hapa kila mwezi nimupikie, na amekuja tayari mara moja, amekula, amelala ku mukeka pahali pako. Nilimufunika. Nilikaa nikimuangalia na nikamuchukia kidogo juu anapumua, kisha nikamuongezea blanketi.

Sasa nikuambie ile ndoto. Ulikuja siku ile ile tulikuzika, ya kadiski sikujua bado. Nilikuona ku barabara, umeshuka ku basi. Nikafungua mikono. Tuk. Ulikuwa ku mukeka, umekaa, unakula, kama muntu amekuwa hapo siku yote. Hakukuwa njia. Sikukuona ukikuja. Nilisema, "Riziki, umepitia wapi?" Nikaamka. Niliamka na kasirani, ndiyo, na wewe. Sasa naelewa. Ulikuwa unanionyesha vile filme itabaki.

Jumamosi siendi tena ku barabara. Basi naisikia, inapiga honi, konda anaita, na mi nimekaa. Batoto bananiuliza shuka tutaitundika lini. Nabaambia siku ingine, na bao si bajinga, sasa habaulizi. Bantu ya kanisa banasema huzuni itapita. Haipiti. Inakaa mu nyumba kama mugeni hana kwao, inakula na mi, inalala na mi. Mi ni muzee, sina miaka ya kuingojea ipite. Sikuambii haya uhuzunike kule uliko. Nakuambia juu we njo nilikuwa naambia kila kitu, na sasa nani?

Lala, mutoto wangu. Mama Divine anakusalimia, hataki kuandika vile anakusalimia, lakini namuona. Kitabu cha nyimbo kiko chini ya muto yangu, na nimemuapisha asikifue. Kitu moja nakuahidi: kila Jumamosi, saa ya basi, nitasimama ku mulango. Mpaka barabarani sifiki. Lakini nitaegemeza fimbo ku ukuta na nitafungua mikono yote miwili, vile ulichora, hata kama nitaanguka. Yule kakoko hatabaki peke yake vile.

Na we, ukikuja tena, usitokee ku mukeka kama muzimu hana adabu. Shuka ku basi pale inaachaka bantu. Pita soko, pita kwa yule mama wa mandasi, simama kwa Mama Divine umuambie mufuko ilitakata. Kisha kuja, pole pole, mi nakuangalia. Weka muguu moja, weka na mwingine, mpaka ku mulango. Usiruke, Riziki.